ORDINATERE NDOGO NA PROSESERE ISIYO NA MWENYEWE
(Somo la sayansi kwa madarasa yote)



Gazeti letu limeomba somo moja la sayansi, na mimi nimechagua ordinatere, ile ambayo ndugu zetu wa Tanzania na Kenya wanaiita kompyuta. Lakini sitasema juu ya ordinatere tunayoijua kwa definisyo tu: tunaiandika katika kaye, tunaikariri, tunairudisha siku ya interro, kisha tunaisahau. Nitasema juu ya ordinatere ndogo sana, ya bei ya dola 5, ambayo mwanafunzi mwenye bidii anaweza kuifahamu toka mwanzo mpaka mwisho. Na mwisho nitaonyesha kwa nini jambo hili linatuhusu sisi watu wa Goma.

Wadogo wetu wa darasa la saba na la nane wasiogope. Kinachohitajika ni kalamu, kaye na kujua kujumlisha.

1. ORDINATERE INAFANYA KAZI NAMNA GANI?

Ordinatere yoyote, kubwa ao ndogo, iko na sehemu tatu za lazima.

Ya kwanza ni kumbukumbu. Hapo ndipo namba zinawekwa. Herufi, picha, sauti ya wimbo, vyote vinageuzwa kuwa namba, na namba zenyewe zinaandikwa kwa alama mbili tu: 0 na 1. Kila alama moja inaitwa biti.

Ya pili ni prosesere. Hii ndiyo inayofanya kazi. Inasoma amri moja katika kumbukumbu, inaifanya, kisha inasoma amri inayofuata. Haichoki, lakini pia haina akili. Amri zenyewe ni ndogo kabisa: chukua namba hii, iweke pale, jumlisha hizi mbili, linganisha, ruka uende kwenye amri nyingine. Video yote munayoangalia katika telefone imetoka katika amri ndogo namna hiyo, zilizofanywa mamilioni kwa sekunde moja.

Ya tatu ni milango ya kuingilia na ya kutokea: vidude vya kuandikia, kioo, taa ndogo, waya wa kupima joto, na kazalika.

Basi mutu akikuuliza ordinatere ni nini, umujibu: ni mashini inayofuata amri zilizoandikwa kwa namba. Yote mengine ni mapambo.

2. KILA PROSESERE IKO NA LUGA YAKE

Hapa ndipo mambo yanaanza kuwa ya maana. Prosesere haifahamu amri za kila namna. Inafahamu orodha yake tu. Orodha hiyo inaitwa arkitektire, maana yake mupango wa ujenzi. Ndiyo inayosema: amri ya kujumlisha inaandikwa namna hii, amri ya kuruka inaandikwa namna ile.

Ordinatere nyingi za mezani zinafuata orodha ya kampuni Intel ya Marekani, iliyoanza na prosesere 8086 katika mwaka 1978. Telefone zetu, karibu zote, zinafuata orodha ya kampuni Arm ya Cambridge, Uingereza. Orodha hizo ziko na wenyewe. Kampuni nyingine ikitaka kutengeneza prosesere inayofahamu luga ya Arm, ni lazima ipate ruhusa kwanza, na ruhusa hiyo inalipiwa feza nyingi. Hata ukiwa fundi hodari namna gani, huwezi kuitengeneza na kuiuzisha bila mukataba.

Hebu fikiri kama herufi A, B, C zingekuwa na mwenyewe, na kila shule inalipa kabla ya kufundisha watoto kusoma. Shule ngapi za hapa kwetu zingefunguliwa?

3. MUFANO WA CHUKUDU

Sisi watu wa Goma tunaweza kufahamu jambo hili kuliko wengine, kwa sababu tuko na chukudu.

Ni nani mwenye chukudu? Sisemi ile moja ya baba fulani inayoshuka na viazi toka Kibumba. Ninasema chukudu yenyewe, umbo lake. Hakuna mwenyewe. Fundi yeyote mwenye shoka, panga na misumari anaweza kukata mukaratusi na kuichonga: ubao mrefu, usukani, magurudumu mawili ya mbao yaliyovikwa mupira wa pine nzee. Hahitaji kuandikia barua kampuni ya ng'ambo. Mmoja anaitengeneza ndefu kwa kubeba makala, mwingine anaiweka nguvu mbele kwa kubeba mifuko ya simenti. Ikivunjika katika njia, dereva mwenyewe anaitengeneza. Na mutu aliyejua kuongoza moja, anajua kuongoza zote.

Mambo hayo matatu muyashike vizuri: umbo linajulikana na wote, kila fundi ana ruhusa ya kuitengeneza kwa namna yake, na ukijua moja umejua zote. Hiyo ndiyo maana ya arkitektire iliyo wazi. Ndiyo sababu kuko sanamu ya chukudu, yenye rangi ya zahabu, katikati ya muji wetu, na hakuna sanamu ya motokari ya gali.

4. RISC-V ILITOKA WAPI?

Katika mwaka 2010, walimu na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Marekani, walihitaji prosesere nyepesi kwa ajili ya utafiti na kufundisha. Waliona kwamba orodha zilizokuwako zilikuwa nzito mno, tena zilifungwa na sheria za wenyewe. Basi mwalimu Krste Asanović, pamoja na wanafunzi wake Andrew Waterman na Yunsup Lee, waliamua kuandika orodha mupya. Mwalimu David Patterson, aliyekuwa mutaalamu wa siku nyingi katika kazi hiyo, alikuwa pamoja nao. Walidhani itakuwa kazi ya muda mufupi. Ilidumu miaka.

Waliipa jina RISC-V. Ile V ni tano ya Kirumi, kwa sababu ni mupango wa tano wa namna hiyo uliotoka Berkeley. Kitabu chake cha kwanza kilitolewa katika mwaka 2011. Katika mwaka 2015 kulianzishwa shirika la kuchunga orodha hiyo, na katika mwaka 2020 makao ya shirika yalihamishiwa Uswisi, kusudi ugomvi wa mataifa makubwa usiizuie.

Angalieni vizuri ni nani walioianzisha: mwalimu na wanafunzi wake. Haikuwa amri ya serikali, wala si tajiri mmoja aliyekuwa na kiwanda.

5. TUANDIKE AMRI MOJA KWA MUKONO

Sasa tuweke kalamu tayari. Orodha ya msingi ya RISC-V iko na amri karibu 40 tu. Ni chache kuliko verbe za Kifaransa tulizokariri katika darasa la saba.

Ndani ya prosesere kuko visanduku 32, vinaitwa rejista. Majina yao ni x0, x1, x2, mpaka x31. Kila kimoja kinashika namba moja. Kile cha kwanza, x0, kiko na sifuri siku zote. Hata ukiweka kitu ndani, kinabaki sifuri.

Amri yetu ni hii:

ADDI x5, x0, 7

Maana yake: chukua kilicho ndani ya x0, ongeza 7, weka jibu ndani ya x5. Kwa sababu x0 ni sifuri, x5 inapokea 7.

Lakini prosesere haisomi herufi. Inasoma biti 32. Kitabu kinatuambia namna ya kuzipanga, toka kushoto kwenda kuume:

a) Namba ya kuongeza, biti 12. Saba ni 4 na 2 na 1, basi: 000000000111
b) Sanduku la kuchukulia, biti 5. Ni x0: 00000
c) Aina ya kazi, biti 3. Kwa ADDI ni: 000
d) Sanduku la kuwekea, biti 5. Ni x5, maana yake 4 na 1: 00101
e) Jamii ya amri, biti 7. Kwa jamii hii ni: 0010011

Jumlisha 12 na 5 na 3 na 5 na 7: ni 32 kamili. Tukiziunganisha:

00000000011100000000001010010011

Basi, tumekwisha. Mumeandika amri ya kweli ya mashini, kwa kalamu, bila kurani, bila kioo. Ukiingiza hizo biti 32 katika prosesere yoyote ya RISC-V inayofuata orodha ya msingi ya biti 32, iwe ilitengenezwa China, Ulaya ao Marekani, x5 itapokea 7. Ni kama dereva wa chukudu: umejua moja, umejua zote.

Na kwa nini tumeweza kufanya hivi? Kwa sababu kitabu kiko wazi. Kila mutu ana ruhusa ya kukichukua, kukinakili, kukigawa kwa wengine na hata kukitafsiri, bila kulipa. Mwalimu akitaka kukipiga katika stensili na kukigawa darasa zima, hakuna atakayemufunga.

6. VIFAA VYENYEWE NA BEI YAVYO

Mufano wa kwanza ni kibao kinachoitwa Raspberry Pi Pico 2, kilichotoka katika mwezi wa 8 mwaka 2024. Bei ya kiwandani ni dola 5. Ndani ya kipande kimoja wametia prosesere mbili za Arm na prosesere mbili za RISC-V, na wewe mwenyewe unachagua ni zipi zitumike. Kumbukumbu yake ya kazi ni kilobaiti 520. Mapigo yake ni milioni 150 kwa sekunde. Zile prosesere mbili za RISC-V zinaitwa Hazard3. Mutaalamu aliyezichora, Luke Wren, ametoa michoro yote wazi.

Ili mufahamu ukubwa wake, mulinganishe na Commodore 64, ordinatere ya nyumbani iliyojulikana sana. Ilipotoka katika mwaka 1982 bei yake ilikuwa dola 595, kumbukumbu yake kilobaiti 64, na mapigo yake karibu milioni 1 kwa sekunde. Watoto wengi wa Ulaya na Marekani walijifunza kupanga amri kwa mashini hiyo, na wengine wao ndio wakubwa wa makampuni ya leo. Kibao cha dola 5 kinaipita mara nane kwa kumbukumbu.

Kuko kingine kidogo zaidi, CH32V003, cha kampuni WCH ya China. Ni RISC-V pia. Ukikinunua kwa wingi, kimoja ni karibu senti 10 za dola. Kiko na kilobaiti 2 tu za kumbukumbu ya kazi, lakini kinatosha kuwasha taa, kupima joto ao kulinda mulango.

Juu ya kurani: kibao kama Pico 2 hakifiki wati 1. Ordinatere ya mezani pamoja na kioo chake inaweza kula wati 100 na zaidi. Hapa kwetu, pahali ambapo kurani inakuja na kuondoka kama mugeni, tofauti hiyo si ndogo. Betri ya kuchajia telefone inaweza kukiendesha siku nyingi.

7. WAZI SI BURE

Sitaki kuwadanganya. Kuko mambo matatu ya kufahamu.

Kwanza, orodha kuwa wazi haimaanishi kila prosesere iko wazi. Kampuni inaweza kufuata orodha ya RISC-V na kuficha michoro yake yenyewe. Ni kama fundi anayechonga chukudu ndani ya nyumba iliyofungwa: umbo ni la wote, lakini namna yake ya kuchonga ni siri yake.

Pili, michoro si kiwanda. Kiwanda cha kutengeneza prosesere ni cha mamilioni mengi ya dola. Hakuna anayesema tutakijenga Majengo ao Katindo mwaka ujao.

Tatu, kibao peke yake hakitoshi. Kinahitaji waya, na ordinatere moja ya kukiandikia amri. Tena kusafirisha kifaa mpaka Goma kunaweza kupita bei ya kifaa chenyewe. Lakini ordinatere moja inaweza kuhudumia vibao kumi, na wanafunzi makumi.

8. INATUHUSU NINI SISI?

Angalieni chini ya miguu yetu. Koltani ya Rubaya, kule Masisi, inachimbwa kwa mikono na koleo. Ndani yake mumo tantale, inayowekwa katika vipande vidogo vya telefone na ordinatere vinavyotunza kurani. Kasiteriti ya Bisie, kule Walikale, inatoa bati, na kwa bati ndiyo wanaunganisha vipande juu ya vibao vya elektroniki. Mawe yanatoka kwetu. Mashini inarudi kwetu imefungwa, na ikiharibika tunaambiwa kununua nyingine.

Someni 1 Samweli sura ya 13, toka mustari wa 19 mpaka wa 22. Wafilisti hawakuwaachia Waisraeli mufua vyuma hata mmoja. Kila Mwisraeli aliyetaka kunoa jembe ao shoka alilazimika kushuka kwa Wafilisti, na kulipa. Siku ya vita ilipofika, watu wa Sauli hawakuwa na panga wala mukuki mikononi. Shida yao haikuwa kukosa chuma. Shida yao ilikuwa kukosa mafundi. Ninaona sura hiyo ni somo letu la ordinatere, ijapokuwa iliandikwa zamani sana.

Kuna wenye kusema: haya si mambo ya watu kama sisi. Basi waangalie majirani. Katika Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, tangu mwaka 2015 kuko kazi inayoitwa AirQo: wametengeneza vipimio vya uchafu wa hewa vinavyostahimili vumbi na joto la miji yetu, vingine vinafungwa hata juu ya pikipiki za taksi. Na katika inchi yetu wenyewe, katika mwaka 2013, mama mwenye elimu ya ufundi, Thérèse Izay Kirongozi, pamoja na wenzake, waliweka katika barabara za Kinshasa roboti kubwa za kuongoza magari, zinazotumia kurani ya jua.

Sasa fikirini juu ya mazuku. Sisi wote tumefundishwa tangu utoto kuogopa mabonde madogo ya upande wa Bulengo na njia ya Sake. Mazuku ni gazi karboniki inayotoka katika udongo wa volkano. Ni nzito kuliko hewa, basi inalala chini, zaidi usiku na asubuhi mapema wakati hakuna upepo. Katika hewa ya kawaida iko karibu sehemu 0,04 kwa 100. Ikipita 10 kwa 100, mutu anapoteza fahamu upesi na anaweza kufa. Mbuzi wanakufa kwanza, na watoto, kwa sababu wako karibu na udongo. Kipimio cha gazi hiyo kipo, cha makumi machache ya dola. Kikifungwa kwenye kibao cha dola 5 na kengele ndogo, kinaweza kulia gazi inapoongezeka. Amri zake ni zile zile za somo hili: soma namba, linganisha, ikipita ruka kwenye amri ya kengele.

Ninaonya: mutu asiende kujaribu penye mazuku, na asiweke maisha ya mutoto juu ya kifaa cha wanafunzi. Kupima volkano ni kazi ya wataalamu wa OVG. Lakini wataalamu wa kesho watatoka wapi, kama si katika madarasa haya?

9. PENDEKEZO

Wengine watasema: Examen d'État haiulizi RISC-V. Ni kweli. Lakini inauliza hesabu na kufikiri kwa utaratibu, na hayo ndiyo tuliyofanya katika sehemu ya 5. Wengine watasema: niko na telefone, inanitosha. Telefone inakufundisha kutumia. Haikufundishi kutengeneza, kwa sababu imefungwa makusudi.

Kwa heshima, ninapendekeza kwa Bwana Prefe, kwa walimu na kwa wanafunzi wote:

a) Kundi la kujifunza, siku ya posho nyuma ya usafi, saa moja tu. Mwezi wa kwanza ni kaye na ubao wa chokaa, bila feza yoyote.

b) Mwezi wa pili, kutumia programu ya bure inayoitwa RARS, inayoiga prosesere ya RISC-V ndani ya ordinatere ya kawaida. Inafanya kazi bila intaneti, na inahamishwa kwa fimbo ya USB.

c) Kisha, kama kundi limeonyesha bidii, kuchanga kwa kununua vibao vitatu, viwe mali ya shule na viandikwe katika daftari ya vifaa.

d) Wasichana wawe nusu ya kundi tangu siku ya kwanza.

Sisi finalisti tutaondoka. Kitakachobaki ni kile wadogo wetu watakachojua kufanya kwa mikono yao.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja sehemu tatu za ordinatere, na useme kazi ya kila moja.
2. Arkitektire iliyo wazi inafanana na chukudu kwa mambo gani matatu? Inatofautiana nayo wapi?
3. Andika amri ADDI x6, x0, 5 kwa biti 32.
4. Prosesere inasoma biti hizi: 00000000110000000000001110010011. Ni sanduku gani linalopokea namba, na ni namba gani?
5. Kwa nini kengele ya mazuku inapaswa kuwekwa chini karibu na udongo, si juu ya ukuta?

Majibu yatatoka katika namba ijayo. Asiyefahamu sehemu ya 5 aje kwangu wakati wa mapumziko, tutaiandika pamoja katika mavumbi kama hakuna karatasi.

Kapita wa wanafunzi, finalisti, Math-Fizike